Mshumaa wa Pasaka: nta ya nyuki, parafini au bomba la mafuta?

Maduka ya vifaa vya ibada huuza mishumaa ya Pasaka, ile mikubwa inayowashwa kanisani kwenye Mkesha wa Pasaka, ya namna tatu: ya nta ya nyuki, ya parafini, na bomba la plastiki lenye kikopo cha mafuta juu. Hilo bomba liacheni dukani, hata muuzaji akilisifia kwamba halichuruziki na linadumu miaka. Waraka wa Roma wa 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unadai mshumaa wa nta, usio wa bandia, mmoja tu, mkubwa wa kutosha, mpya kila mwaka. Mshumaa huo unamwakilisha Kristo mfufuka, aliyejitoa hadi mwisho. Kitu kisichopungua hata kidogo toka Mkesha hadi Pentekoste hakisemi hivyo. Tena Mbiu ya Pasaka, wimbo wa sifa unaoimbwa mbele ya mshumaa huo usiku wa Mkesha, inasifu kazi ya nyuki. Shemasi ataiimba mbele ya plastiki?

Parafini ni nafuu, ila ile laini hujipinda ikihifadhiwa kwenye stoo yenye joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo hustahimili.

Wanunuzi wengi hutazama rangi na kusahau matundu matano ya kuchomekea chembe za ubani, ishara ya majeraha ya Kristo, na hapo ndipo penye imani yenyewe. Aliyefufuka ni yuleyule aliyesulubiwa: Tomaso anaonyeshwa majeraha (Yoh 20:27). Si mzuka (Lk 24:39), wala si kama Lazaro aliyerudi kwenye maisha ya kufa. Kristo hafi tena (Rum 6:9). Mshumaa wenye majeraha ya stika umeruka jambo hilo. Matundu yawe ya kweli, ya kubana. Yakiwa mapana au mafupi, chembe hudondoka kwenye maandamano. Huchomekwa kwenye msalaba uliochorwa kwenye mshumaa: ncha ya juu, katikati, chini, kisha kushoto na kulia. Alfa, herufi ya kwanza ya Kigiriki, hukaa juu ya msalaba, Omega, ya mwisho, chini yake, tarakimu za mwaka kwenye pembe zake nne.

Kasoro inayoudhi zaidi ni utambi mwembamba kwenye mshumaa mnene: moto huchimba shimo, nta iliyoyeyuka inauzamisha, unazimika. Mwageni nta ya ziada na kupunguza kingo zikiwa bado laini. Utambi ukatwe ubaki kama nusu sentimita, la sivyo hutoa moshi. Feni ikipuliza, upande mmoja huisha kwanza.

Ukubwa nao una mipaka. Mshumaa wa sentimita 120 wenye kipenyo cha 10 una karibu kilo 9, na lazima ubebwe gizani, kisha uweze kuchovywa katika maji ya ubatizo. Wa 90 kwa 7 una kilo 3 na kidogo. Kwa parokia nyingi huo unatosha. Pimeni kwanza tundu la kinara. Baada ya Pentekoste utahamia penye kisima cha ubatizo na kuwashwa kwenye ubatizo na mazishi hadi Pasaka ijayo, kwa hiyo parokia yenye mazishi mengi ichague mnene kidogo.