TAHADHARI: Kopo la kunasa oili la Forester ni bati tupu

Wakuu, yule jamaa anayeuza makopo mekundu ya kunasa oili inayotoka na mvuke wa injini ya Subaru Forester ni tapeli. Namba yake niliwapa mimi mwenyewe, kwa hiyo naandika kwa aibu, lakini heri aibu yangu kuliko injini zenu.

Alinitumia video. Kopo liko mkononi, analitikisa, kitu kinagonga ndani, anasema "hilo ndilo chujio." Akaitaja injini yangu, EJ20, kabla sijamwambia. Akaeleza kwamba tabo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, ikianza kusukuma, valvu ya PCV inayopitisha mvuke wa injini inafunga, mvuke wa tumbo la injini unapita njia ya pili hadi bomba la hewa kabla ya tabo, na oili inaishia kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo. Yote kweli, hakukosea hata neno. Mtu anayejua hivyo utamdhaniaje mwizi? Nikatuma 120,000.

Fundi kafungua kifuniko: hakuna kitu! Hakuna vibao vya kukinga mvuke, hakuna sufi ya chuma. Kilichokuwa kinagonga ni nati iliyolegea. Kopo hunasa oili kwa sababu mvuke unapunguzwa mwendo na kulazimishwa kugonga vitu ndani, matone yanaungana, yanadondoka chini. Kwenye hili kopo lake, tundu la kuingilia na la kutokea yamepakana pale juu, mvuke unaingia na kutoka haujagusa chochote. Ni bomba lenye tumbo tu.

Midomo ya kopo ni milimita 9, mipira ya mvuke ya Subaru ni minene zaidi sana. Ukibana pale, shinikizo linabaki ndani ya injini na kutafuta pa kutokea: kijiti cha kupimia oili kinachomoka, sili ya nyuma ya kranki inavuja, na kuibadilisha hiyo ni kushusha gia boksi. Mipira aliyoleta ni ya maji. Ikikaa na oili inalainika, ikivutwa inajibana. Halafu juu kaweka kichujio cha wazi huku anaelekeza urudishe mpira kwenye bomba la tabo! Injini itavuta hewa ambayo sensa haikuipima, na mchanganyiko utapungua petroli.

Huyu hafai kuonywa, afungwe. Afungiwe laini, arudishe hela ya kila mtu, na gharama za fundi juu.

Dalili zilikuwepo: alikataa kupiga picha kopo likiwa wazi, halina koki ya kumwagia, na eti linaingia gari yoyote.

Mliokwisha kulifunga, litoeni leo. Rudisheni mipira ya awali kila mmoja mahali pake, na mpulize valvu ya PCV: hewa ipite kuelekea manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) tu, ikirudi nunueni nyingine.

Risiti na namba aliyopokelea hela ninazo. Jumatatu naenda polisi, mwenye malalamiko aniletee yake kabla ya hapo.