Mabasi ya London kwa mtu anayeishi huku: nayapa nyota nne

Hii ni kwa wale mnaokuja kuishi London, sio mtalii wa kupiga picha ghorofani wiki moja kaondoka. Watu wengi wakifika huku wanakimbilia treni ya chini ya ardhi, basi wanaona la wazee na wanafunzi, halafu mwezi haujaisha mshahara umeishia kwenye nauli. Mimi nasema lizoee basi mapema, hasa kama kazi yako ni ya shifti.

Kwanza kabisa, keshi haipokelewi tangu 2014, kwa hiyo usimnyooshee dereva noti hata kama mvua inakunyeshea, atatikisa kichwa tu na foleni nyuma yako inaguna. Unagusisha kadi, iwe Oyster (kadi ya nauli ya London unayoijazia pesa), kadi ya benki au simu, kwenye kile kimashine chenye duara la njano, kinalia pii, umemaliza, kushuka hugusi tena. Nauli ni moja, mwaka 2023 ilipandishwa ikawa £1.75, uende vituo viwili au uvuke nusu ya mji, asubuhi au usiku wa manane, wakati treni inakupigia hesabu za zoni (sehemu mji ulivyogawanywa kwa ajili ya nauli) na saa za msongamano. Na watoto chini ya miaka 11 hawalipi kabisa, mwenye familia ananielewa.

Utamu wenyewe sasa ni ile nauli inayoitwa Hopper. Ukishagusisha kadi kwenye basi la kwanza, ndani ya saa moja unapanda mengine bila kukatwa tena, na tangu 2018 ni mengi utakavyo. Kinachoangaliwa ni saa ya kupanda, sio ya kushuka, kwa hiyo ukiingia basi jingine dakika ya 58 bado ni bure hata kama safari yenyewe ni ndefu. Unaenda sokoni unanunua mboga zako unarudi, nauli moja. Ila kadi iwe ileile jamani! Ukipanda na kadi ya benki halafu kurudi ukatumia simu, hata kama kadi iliyomo kwenye simu ni hiyohiyo, mashine inaona watu wawili, hapo ndio watu wanakatwa mara mbili wanaanza kulalamika wameibiwa.

Usiku ndio nayaheshimu zaidi. Treni za chini zikishafungwa (zinazokesha ni laini chache, Ijumaa na Jumamosi), mabasi yenye herufi N mbele ya namba yanaendelea, mfano N29 kutoka Trafalgar Square mpaka Enfield, bei ileile ya mchana. Alfajiri humo utakuta wasafishaji wa maofisi, watu wa jikoni, manesi. Mama amelala kichwa dirishani, mkanda wa pochi kauzungushia mkononi mara mbili, na kituo kimoja kabla ya chake anafumbua macho mwenyewe na kubonyeza kitufe chekundu, hajaamshwa na mtu.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya mwendo. Wastani ni kama maili 9 kwa saa, katikati ya mji kuna muda baiskeli zinakupita zote. Tena kuna ule mtindo wa basi kusimamishwa kituoni ili lisilikaribie sana la mbele, umekaa unamwangalia dereva na yeye anaangalia saa, au sauti inatangaza kwamba basi linaishia njiani, shukeni msubiri linalofuata. Siku ya usaili wa kazi mimi basi silitegemei hata kidogo. Wenye vigari vya watoto nao wajue, akiingia mtu wa wilchea ile nafasi ni yake, unakikunja, hakuna mjadala.

Cha kuangalia sana ni herufi. Kituo cha jina moja kinaweza kuwa na nguzo kadhaa zimetawanyika pande zote za njiapanda, kila moja na herufi yake juu, na basi lako linasimama kwenye moja tu kwa upande unaoenda. Programu ya simu ikikuambia Stop H, tafuta H, usijibanze tu penye watu wengi. Halafu ukiliona linakuja nyoosha mkono.