Vote Smart: huduma ya kumjua mbunge wa jimbo kabla ya kumpigia kura

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Novemba, sanduku langu la barua hujaa vikaratasi vya kampeni. Katika uchaguzi uliopita nilipokea kimoja chenye picha ya darasa tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, na chini yake maneno mazito yaliyodai kwamba mbunge wetu wa jimbo alipiga kura kuzinyima shule fedha. Nina watoto wawili katika shule za umma, kwa hiyo sikukitupa. Nilikiweka mezani, nikafungua tovuti ya Vote Smart, nikaandika jina la mbunge huyo na kuitafuta kura yenyewe. Ilikuwepo, na kweli alipiga hapana. Lakini muswada alioukataa ulikuwa mmoja wa ile miswada mikubwa ya bajeti inayobeba barabara, magereza, hospitali na shule kwa pamoja, na fedha za shule zilikuwa kifungu kimoja tu miongoni mwa vingi. Nilibaki na maswali juu ya mbunge huyo, lakini yalikuwa maswali yangu mwenyewe, si yale niliyowekewa na aliyekichapisha kikaratasi. Tangu siku hiyo nimeitumia huduma hii mara nyingi, na ninaona inastahili kutathminiwa kwa makini, hasa kwa ajili yetu tuliopata uraia wa Marekani tukiwa watu wazima na ambao hatukukua tukizisikia siasa za majimbo haya.

Wengi wetu, tunaposikia bunge la Marekani, tunaliwaza lile la Washington, ilhali kila moja ya majimbo 50 lina bunge lake, na kwa jumla wabunge wa majimbo ni zaidi ya 7,300. Hao ndio wanaotunga sheria nyingi za jinai, za shule, za leseni za udereva na za mikataba ya nyumba za kupanga, na katika majimbo mengi ndio wanaochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Mabunge yao hayafanani hata kidogo. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina wajumbe 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka, wakati wenzao wa California hulipwa zaidi ya dola 100,000. Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida cha siku zisizozidi 140 mara moja kila miaka miwili. Na bunge la Nebraska lina baraza moja tu, lenye maseneta 49. Magazeti ya mitaani yaliyokuwa yakiwafuatilia watu hawa yamepungua sana, na ndiyo maana mpiga kura anaweza kumjua rais na gavana kwa undani huku akiwa hajui hata jina la anayemwakilisha jimboni.

Vote Smart ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Richard Kimball, mwanasiasa wa Arizona aliyekuwa ameshindwa kiti cha Seneti ya taifa mwaka 1986, na miongoni mwa waliojiunga naye mapema walikuwa marais wawili wa zamani waliowahi kushindana wenyewe kwa wenyewe, Gerald Ford na Jimmy Carter. Haipokei fedha za makampuni, za vyama vya wafanyakazi wala za makundi ya ushawishi, na mtumiaji halipi chochote. Ukiandika jina la mbunge au anwani ya makazi yako, unaletewa ukurasa wenye sehemu kadhaa: wasifu, kura, misimamo, alama zinazotolewa na makundi mbalimbali, hotuba na fedha za kampeni.

Ili niipime huduma kwa mtu ambaye habari zake zinajulikana na wasomaji wengi wa Kiswahili, nilichagua rekodi ya zamani: miaka ya Barack Obama katika Seneti ya jimbo la Illinois. Sehemu ya wasifu hufanya kazi yake vizuri kwa sababu haina mapambo. Alizaliwa Honolulu mwaka 1961, akahitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1983, akaenda Chicago mwaka 1985 kuhamasisha wakazi wa upande wa kusini wa mji, akasomea sheria Harvard, kisha akafundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago huku akiwa seneta. Alichaguliwa mwaka 1996 katika eneo la 13, akaapishwa Januari 1997, na akaondoka mwaka 2004 baada ya kushinda kiti cha Seneti ya taifa. Wasifu wa namna hii hauelezi kwamba kwa miaka sita ya mwanzo chama chake cha Democratic kilikuwa na wajumbe wachache katika Seneti hiyo, na kwamba mambo yaligeuka Januari 2003 chama kilipopata wingi na yeye akakabidhiwa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Msomaji asiyelijua hilo atashangaa kwa nini sheria zake kubwa zimerundikana mwaka 2003, ikiwemo ile iliyowataka polisi wakirekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji na ile iliyowataka waandike asili ya kila dereva waliyemsimamisha. Sheria ya kurekodi mahojiano haikuzuka tu: Januari 2000 gavana George Ryan, wa chama cha Republican, alikuwa amesimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo baada ya kubainika kwamba watu 13 waliohukumiwa kifo jimboni humo hawakuwa na hatia.

Kwa misimamo, Vote Smart humpelekea kila mgombea dodoso lenye maswali yaleyale. Obama alilijaza lile la mwaka 1998, na humo alikubali, kwa mfano, kwamba uuzaji wa aina zote za silaha zinazojipakia risasi zenyewe upigwe marufuku. Hili ni jambo zito, kwa kuwa jibu lililoandikwa linaendelea kusomeka miaka mingi baadaye, wakati mwanasiasa ameshalainisha maneno yake au ameyabadilisha kabisa.

Sehemu ya kura ndiyo moyo wa huduma hii, na ndiyo pia inayohitaji msomaji makini. Katika bunge la Illinois mjumbe ana vitufe vitatu mbele yake: kijani kwa ndiyo, chekundu kwa hapana, na cha njano kwa kura inayoitwa “nipo”. Obama alikibonyeza kile cha njano mara 129 kati ya kura zipatazo 4,000, na mwaka 2008 wapinzani wake walilitumia jambo hilo kumwonyesha kama mtu anayekwepa maamuzi. Anayesoma orodha ya kura peke yake anaweza kuafiki haraka. Lakini katiba ya Illinois inataka muswada uungwe mkono na zaidi ya nusu ya maseneta wote waliochaguliwa, yaani 30 kati ya 59, si zaidi ya nusu ya waliopiga kura, na kwa hiyo kura ya “nipo” ina uzito uleule wa hapana katika kuuzuia muswada. Baadhi ya kura hizo, hasa kwenye miswada ya utoaji mimba, zilipangwa pamoja na watetezi wa haki ya utoaji mimba ili kuwakinga wajumbe waliokuwa na upinzani mkali katika maeneo yao ya uchaguzi. Nyingine ni ngumu kuzitetea kwa hoja hiyo. Mwaka 1999 alipiga “nipo” kwa muswada wa kuwashtaki kama watu wazima vijana wa miaka 15 na zaidi wanaofyatua risasi karibu na shule. Alikuwa na shaka kama adhabu hiyo ingepunguza uhalifu, lakini hakupiga hapana, na muswada ukapita. Mtu mwaminifu anaweza kuyatazama haya yote na kubaki na maoni mawili tofauti, na kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba rekodi imewekwa vizuri: imenipa kura bila kunipa hukumu. Ninachotamani ni maelezo mafupi, jimbo kwa jimbo, juu ya kanuni za kupiga kura, maana sentensi mbili kuhusu hesabu ile ya 30 kati ya 59 zingemwokoa msomaji na kosa kubwa.

Alama za makundi zisomwe kwa tahadhari. Kundi la wamiliki wa bunduki, la wahifadhi wa mazingira au la wafanyabiashara huchagua kura chache linazozijali, likapima na kutoa herufi au asilimia. Vote Smart huzikusanya zote mahali pamoja, na hilo lina manufaa ukizilinganisha alama za makundi mawili yanayopingana kuhusu mbunge mmoja.

Upungufu wake ni wa kimaumbile zaidi kuliko wa uzembe. Kwa wabunge wa majimbo, huduma huteua kura inazoziona kuwa muhimu na kuzifupisha kwa lugha nyepesi, na muhtasari huo ni kazi nzuri sana, lakini kura nyingine itabidi uzifuate katika tovuti ya bunge lenyewe. Kazi ya kamati, ambako miswada mingi hufa kimya kimya bila kupigiwa kura, haionekani vya kutosha. Na yote ni kwa Kiingereza cha kisheria kidogo, jambo linalowapa shida wazee wetu. Mimi humkalisha mama mkwe kando yangu, namsomea muswada mmoja mmoja, naye huniuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria, kama vile nani atalipa na lini.

Kwa kura na wasifu, naipa huduma hii alama za juu kabisa. Kwa misimamo siwezi, ingawa kosa si lake, kwa sababu miaka hii wagombea wengi hukataa kulijaza dodoso, wakihofia majibu yao yasije yakageuzwa na wapinzani kuwa vikaratasi kama kile cha darasa tupu. Ukurasa wa mbunge wangu wa jimbo una wasifu kamili, una kura zake, na mahali pa dodoso pameandikwa kwamba alipelekewa na hakujibu. Nimeshamwandikia ofisini kwake mara mbili nikimwomba alijaze, na kabla ya kura ya mchujo nitamwandikia tena, safari hii nikiambatisha maswali matatu ya mama mkwe.