Pikipiki ya spoti ya kukaa wima: ipi imfae mtu wa Malindi

Kila nikisimama kujaza mafuta Mambrui hakosekani kijana wa kuniuliza, "Ami, hii yenda ngapi?" Mimi humjibu, kwani hata mimi niliuliza hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake. Lakini nimekaa miaka saba na kilomita 64,000 juu ya Pulsar NS200 moja, kati ya Watamu, Malindi na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na siku hizi mtu akitaka kununua pikipiki ya aina hii mimi humuuliza mambo mawili tu: utailaza wapi usiku, na nani ataifungua ikikwama. Chumvi na fundi. Orodha hii nimeipanga kwa hayo mawili, na ndiyo sababu pikipiki yangu mwenyewe haikushika nafasi ya kwanza.

Kazi yangu ni kutengeneza mafriji na mashine za barafu. Nikiitwa na mwenye duka la samaki siwezi kusema nitafika kesho, samaki hawangoji. Kwa hiyo pikipiki kwangu si pambo la Jumapili. Natembea nayo kila siku, na begi la vifaa mgongoni.

Ninazozungumzia ni zile zenye umbo la spoti lakini usukani wake uko juu, mgongo umesimama, miguu imerudi nyuma kidogo tu. Zile za kulalia tangi siziweki hapa. Barabara ya Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 na matuta yake ni mengi. Ukiwa umelala, kila tuta unalibeba kwa vifundo vya mikono. Ukikaa wima unajiinua kidogo juu ya vikanyagio, tuta linapita chini yako. Tena unaona mbele: mbuzi, tuktuk inayogeuka ghafla, mchanga uliopeperushwa juu ya lami.

Kama riziki yako ni kubeba abiria na magunia, nunua Boxer 150 au TVS HLX, wala usijitie gharama nyingine. Zilizo hapa ni za mtu anayejisafirisha mwenyewe, pengine na mkewe nyuma, na anataka akifungua resi kwenye daraja la Sabaki asikie kitu.

Ya kwanza: TVS Apache RTR 200 4V

Ilitoka India mwaka 2016. Injini yake ni cc 197.75, valvu nne, plagi moja, gia tano, nguvu za farasi ishirini na kitu. Inapozwa kwa hewa, ikisaidiwa na kipoza oili kidogo. Haina radieta, haina pampu ya maji, haina mipira ya maji wala feni. Kwa mtu wa bara hilo halina uzito. Kwetu sisi ni kila kitu, kwa sababu kisichokuwepo hakiliwi na kutu.

Kwa kupeleka mafuta kwenye injini, kuna za kabureta na kuna za injekta, inayoongozwa kwa umeme. Mimi ningechukua ya kabureta bila kusita. Kabureta fundi yeyote wa mitaa yetu ya Kisumu Ndogo au Barani ataifungua, ataipuliza na kuirudisha huku unakunywa chai. Injekta ikileta shida inataka mashine ya kuisoma, na mashine hiyo huenda ikakupeleka Mombasa. Tangu 2018 zimekuwepo zenye ABS, yaani breki zisizoliacha gurudumu lijifunge likateleza, kwenye magurudumu yote mawili. Ukikutana na yenye kabureta na ABS pamoja, usiiache. Breki ya ghafla juu ya lami yenye mchanga ndipo watu wengi huanguka, na wanaanguka wakiwa katika mwendo wa kawaida kabisa.

Upungufu wake ni gia. Ukiishikilia kilomita 100 kwa saa katika safari ndefu, injini inalia na mkono wa kushoto unatafuta gia ya sita isiyokuwepo. Kwa mtu anayezunguka Malindi, Gede, Watamu na Kakoneni, hilo halitamsumbua.

Ya pili: Bajaj Pulsar NS200

Hii ndiyo niijuayo kama nyumba yangu. Ilianza 2012, cc 199.5, gia sita, plagi tatu kwa silinda moja, inapozwa kwa maji, nguvu za farasi 23 na nusu katika matoleo ya mwanzo. Injini yake imetokana na ile ya KTM Duke 200. Uzito ni kama kilo 145, tangi lita 12. Kwa raha ya kuendesha, naipenda kuliko Apache, na sioni haya kusema hivyo. Fremu yake imekaza, kona za kwenda Marafa inazichukua bila kuyumba, na gia ya sita imenipeleka Mokowe, zaidi ya kilomita 200, kwa tangi moja, nikaiacha bara na kupanda mashua kuvuka Lamu. Ukiiendesha kwa utulivu lita moja inakupa kilomita 35 hivi. Mkono ukiwa mzito hesabu inashuka haraka.

Sasa radieta. Mwaka wa nne taa ya joto iliwaka nikiwa njia ya Langobaya, saa nane mchana. Nilisimama chini ya mwembe, nikangoja ipoe, nikaiangalia kwa karibu. Vile vibati vyembamba vya radieta vilikuwa vimegeuka unga mweupe, ukivigusa vinamomonyoka. Nilidhani ni hewa ya bahari peke yake. Fundi wangu, mtu mzima aliyeanza na Yamaha DT za zamani, aliniuliza swali moja: "Waiosha kwa maji gani?" Nilikuwa nikiipeleka kila Jumamosi mahali pa kuoshea magari panapotumia maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi, sote tunajua, tukioga tunaihisi kwenye nywele. Miaka minne nilikuwa nikiiosha pikipiki kwa chumvi nikidhani naitunza. Tangu siku hiyo natumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua, ndoo mbili, bila ile pampu ya nguvu. Radieta ya pili iko mwaka wa tatu na haina doa.

Plagi nazo zinataka jicho. Moja inafikika kwa urahisi, nyingine zinataka subira, na fundi mwenye haraka hubadilisha moja akakutoza za tatu. Mwambie akukabidhi zile za zamani zote, uzihesabu mkononi.

Vilivyokwisha kwa kutumika: cheni na sproketi mara tatu, sahani za klachi mara moja, sili za shoki za mbele mara mbili. Hizo sili ni chumvi tena. Chumvi inatoboa vitundu vidogo kwenye vyuma vya shoki, kila ukipita tuta vitundu vinakwangua sili, oili inaanza kuvuja. Kitambaa chenye oili kidogo, kila jioni, dakika moja tu, kingeniepusha na mara ya pili.

Nimeiweka nyuma ya Apache kwa sababu ya maji na hizo plagi, basi. Mtu aliye na mfereji nyumbani, na fundi anayemwamini, na anayekwenda Mombasa au Lamu mara kwa mara, kwake yeye NS ndiyo ya kwanza.

Jambo moja linahusu zote mbili. Usione bango la Boxer au la HLX kwenye kila kona ukadhani spea za NS au Apache zimo ndani. Maduka hayo yanaishi kwa bodaboda, na spea za bodaboda ndizo wanazojaza. Ingia, uliza kwa jina: pedi za breki za mbele, kebo ya klachi, chujio la oili. Wakisema "tutakuagizia", uliza kwa siku ngapi, kisha nunua seti moja uiweke kabatini kabla hujaihitaji.

Ya tatu: Apache RTR 160 au 180, iliyotumika

Kwa mwenye mfuko mdogo, hii. Cc 159.7 au 177.4, valvu mbili, hewa tupu, na zile za zamani zina tangi la lita 16, ambalo kwa njia ya Garsen ni utulivu mkubwa wa moyo. Ukiisukuma sana inatetemeka, utaisikia kwenye vikanyagio na vioo vitakuonyesha ukungu. Lakini ni pikipiki nyepesi kichwani, mtu anayetoka kwenye bodaboda ataizoea kwa siku moja. Mpwa wangu nilimshauri hii na sijuti.

Ya nne: KTM Duke 390

Vijana mtanikasirikia. Najua ilivyo: ilitoka 2013 na cc 373, nguvu za farasi zaidi ya 40 kwenye mwili mwepesi, na ukifungua resi mikono inanyooka yenyewe. Nimeiendesha ya rafiki hadi Kilifi na kurudi, nikashuka nikicheka peke yangu. Lakini joto lake linapanda miguuni ukiwa kwenye msongamano, na Januari yetu haihitaji joto la nyongeza. Tangi la zile za mwanzo ni lita 11 tu, mwaka 2017 likawa 13.4. Waya na sensa, vile vitambuzi vya umeme, ni nyingi, na kila ungio la waya ni mlango wa chumvi. Inunue kama una gereji iliyofungwa isiyopigwa na upepo wa kusi, na kama kusubiri spea kutoka Nairobi hakutakusimamishia kazi.

Ya tano: Yamaha MT-07

Silinda mbili, cc 689, nguvu za farasi sabini na kitu, karibu kilo 180. Ni pikipiki nzuri kuliko zote hapa, nami naiweka mwisho. Tairi la nyuma ni la saizi pana, 180/55-17, na siku litakapochomwa na msumari usiozibika hutalipata Malindi. Bei yake inanunua Apache kadhaa. Mwenye uwezo na ainunue, ila awe na nyingine ya kwendea sokoni.

Abiria wa nyuma

Huku kwetu mama akipanda pikipiki na buibui lake, mara nyingi hukaa upande. Viti vya nyuma vya pikipiki hizi viko juu, ni vyembamba, na cheni iko wazi. Sheria ya India inataka pikipiki ziwe na kinga ya kuzuia sari kuingia kwenye gurudumu la nyuma, na kinga hiyo hiyo ndiyo inayookoa mabuibui na leso zetu. Wengi wanaing'oa eti inaharibu sura. Ukinunua iliyong'olewa, mtafute mchomeleaji akutengenezee nyingine kabla hujampakia mtu. Mama mkwe wangu simpandishi bila hiyo, na bado namwomba akunje leso mapajani na kuishika.

Ukinunua iliyotumika

Pikipiki iliyotoka Nairobi na kilomita elfu arobaini naiamini kuliko iliyolala nje Watamu na kilomita elfu kumi na tano. Inua kiti, tazama fremu kwa chini. Rangi mpya nyeusi mahali pasipoonekana ina sababu yake. Chomoa ungio moja la waya: shaba ikiwa ya kijani, fahamu kuwa na yale usiyoyaona yako hivyo. Pitisha ukucha kwenye vyuma vya shoki za mbele, juu hadi chini, ukikwama ondoa bei ya matengenezo. Bonyeza breki kisha uachie na usukume: ikiwa gurudumu linabana, pini za kalipa, kile kishikio cha pedi za breki, zimeshikana.

Namba ya fremu na ya injini uzisome wewe mwenyewe, uzilinganishe na logbook, ile hati ya umiliki. Mpwa wangu aliuziwa na mtu mmoja ambaye jina lake halikuwa kwenye logbook, akaahidiwa kuwa mwenyewe "yuko safarini, atahamisha akirudi". Miezi minane tulimtafuta. Pesa isitoke mkononi kabla uhamisho wa umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, haujaanza na mwenye jina hajakubali kwa simu yake mwenyewe.

Na nenda asubuhi, bila kumwambia muuzaji saa utakayofika. Kabla hajawasha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ina moto, ilishawashwa kabla hujaja. Keti, zungumza naye habari nyingine, ngoja ipoe kabisa, ndipo umwambie aiwashe mbele yako.