Gari Lilikuwa Linalala Wapi? Kununua SUV Iliyotumika Mombasa

Dalali wa Mombasa ana jibu la kila swali: kilomita, injini, viti vya ngozi, mama mmoja tu aliyekuwa akienda nalo sokoni. Swali linalomkwamisha ni hili: gari lilikuwa linalala wapi? Mimi huanza nalo hata kabla ya bei. Gari lililolala miaka mitano Nyali upande wa ufuo, likipulizwa na kusi na kaskazi, si sawa na mwenzake aliyelala Nakuru, hata kama ni ya mwaka uleule na kilomita zinalingana.

Chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hula chuma haraka kuliko maji matupu. Joto letu nalo linaongeza kasi. Halafu kuna maji ya kuoshea, ambayo wengi hawayafikirii. Nyumba nyingi hapa zinategemea kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Kwa hiyo mtu akijisifu kwamba huliosha gari lake kila asubuhi, muulize kwanza analiosha kwa maji gani.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa SUV iliyotumika bara: Nairobi, Nakuru, Eldoret. Wengi watanibishia kwamba gari lililoshuka juzi bandarini ni bora. Huenda, lakini unalilipia ushuru wote, na hujui baridi ya Japani ililifanya nini. La bara unaweza kulifuata mwenyewe. Nairobi ni kama kilomita 480 tu. Ongeza mafuta, dereva na siku moja, halafu linganisha na bei ya hapa. Na usikubali maneno matupu kwamba ni la bara. Tazama stika ya kubadilisha oili kwenye boneti au pembeni mwa mlango, kwa kuwa mara nyingi ina jina la gereji na mji. Inua kapeti ya buti. Udongo mwekundu uliojikusanya kwenye pembe ni dalili njema (unaweza kuwa wa Voi, sawa, lakini Voi hakuna bahari). Ukikuta mchanga mweupe, umeshajua lilikokuwa.

La pili ni lililotoka Japani moja kwa moja, mradi uone karatasi ya mnada, ile inayoandikwa hali ya gari linapouzwa mnadani kule. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo huwa si zee sana, ila umri mdogo haulizuii kutu. Hokkaido na kaskazini mwa Honshu humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji. Kwenye karatasi ya mnada herufi S huwa ni kutu na C ni chuma kilichoanza kuliwa. Mnada ukiwa wa Sapporo, mji wa Hokkaido, ingia chini ya gari kabla hujaingia ndani. Muuzaji akisema karatasi imepotea, nami hupotea.

La tatu ni la Mombasa lenyewe, lililolala mbali kidogo na maji, Mikindani au Miritini, chini ya paa, na mwenyewe unaongea naye bila dalali katikati. Yapo mazuri, nimeyaona.

La Uingereza naliweka la nne, ingawa wapenzi wa Discovery na Range Rover watanichukia. Kule nako barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi. Lina faida moja kubwa, kwamba ukiwa na namba yake ya usajili ya kule utasoma bure mtandaoni matokeo ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa kule, ambao huanza gari likifika miaka mitatu, pamoja na kila onyo la kutu aliloandika mkaguzi. Omba namba hiyo. Asiyeitoa ana sababu.

La mwisho kabisa ni gari la ufuoni, lile lililokuwa likivuta boti kutoka majini au kubebea watalii mchangani. Kwa hilo sina la kuongeza.

Sasa ukaguzi. Lipeleke kwenye gereji yenye shimo au lifti, usikubali kupiga magoti uani kwa mtu. Chukua tochi, bisibisi na sumaku. Kutu ya rangi ya chai inayofutika kwa brashi ni ya kawaida, isikutishe. Kutu ya magamba, inayobanduka vipande kama ganda la mkate, hiyo imeshaingia nyamani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Ukigusa kwa ncha ikazama, kazi imekwisha.

Kwa magari yenye chasi yake, kama Prado, Fortuner na Hilux Surf, tazama pale chasi inapopinda juu ya eksili ya nyuma, na penye vishikizo vya springi na vya bodi. Chasi ina uwazi ndani. Vitundu vyake vya kutolea maji vikizibwa na tope, chuma huliwa kutoka ndani huku nje kunapendeza. Ingiza kidole kwenye vitundu hivyo; ukitoa unga wa kahawia na vipande, umepata habari.

X-Trail, CR-V, Forester na RAV4 hazina chasi ya pekee, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Hapo kagua ukingo wa chini ya milango (sumaku isiposhika, ni puti, yaani kijazio kilichofunika tundu), pale pa kuwekea jeki, na mikono ya sasipensheni ya nyuma inaposhikana na bodi. Hilo la mwisho si dogo: Machi 2023 Honda iliita zirudishwe kukaguliwa CR-V za 2007 hadi 2011 zaidi ya nusu milioni huko Marekani, kwenye majimbo yenye chumvi barabarani, kwa sababu sehemu inayoshika mkono wa nyuma ingeweza kuliwa hadi mkono uachie. CR-V za miaka hiyo bado zinazunguka hapa kwetu. Kwa gari lolote, fuata kwa tochi mabomba ya breki mpaka mwisho.

Na chini kukiwa kumepakwa lami mpya inayong'aa kama kiatu cha Idi, mwombe muuzaji ruhusa ya kukwangua sehemu moja ndogo.

Kwenye bei, usibishane kwa hisia. Kutu ya juu juu, punguza gharama ya kusafisha na kupaka dawa. Mabomba ya breki, ekzosi, mikanda ya tangi: fundi akuandikie bei ya kila kimoja. Ukingo wa kuchomelea, chukua makadirio yake kisha uyazidishe mara mbili, maana akishakata ndipo huona kilichojificha. Chasi ya magamba au yenye tundu haina punguzo, hata ukipewa nusu bei. Vishikizo vya sasipensheni vivyo hivyo.

Fortuner moja ya Bamburi niliiacha hivyo, bisibisi ikiwa imeshaingia juu ya eksili. Mwenyewe akaniambia, "Ndugu yangu, hiyo ni vumbi tu, wewe una roho ndogo." Wiki mbili baadaye tangazo lake lilirudi na picha mpya, chini kumepakwa lami, na bei imepanda.