Taa tatu za baiskeli na maji ya samaki

Kijana aliyeniuzia taa ya kwanza ya betri pale Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Kongo, aliniambia: "Mzee wangu, hii inamulika mpaka Kigamboni." Nikacheka, nikalipa 15,000. Usiku uliofuata nilikuwa Feri, soko la samaki, nasubiri mnada uanze. Kigamboni iko ng'ambo pale, maji tu ndiyo yanatutenga, basi nikaielekeza. Mwanga haukufika hata kwenye pantoni iliyokuwa imeegeshwa.

Mimi ni mchuuzi wa samaki, nakaa Mbagala Rangi Tatu. Saa tisa usiku natoka na baiskeli yangu ya Phoenix, kreti tupu imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, nashika Barabara ya Kilwa: Mtoni, kwa Aziz Ali, Bendera Tatu, mpaka Feri. Saa hizo malori yanayoingia na kutoka bandarini ndiyo yanatawala barabara, na boda wanapita kama wamefukuzwa. Narudi kumeshakucha, ila siku ambazo akina mama wa kukaanga wameagiza mzigo wa pili, naingia tena gizani jioni. Kwa hiyo nikizungumzia taa, sizungumzii taa ya mtu anayefanya mazoezi ya wikiendi.

Zamani nilikuwa na dainamo, ile chupa inayosuguana na tairi ikazalisha umeme. Volti 6, wati 3, mbele inakula wati 2.4 na nyuma 0.6. Haina haja ya chaji, na hilo peke yake lilinifanya niivumilie miaka mingi. Lakini ukisimama, taa nayo inazima, na mahali unaposimama ndipo hasa unapotaka uonekane. Mvua ikinyesha inateleza kwenye tairi, mwanga unakuja na kuondoka. Na mtu mwenye kilo arobaini za vibua nyuma hahitaji kitu kingine cha kumvuta.

Turudi kwa ile ya Kigamboni. Ni tochi ya kuvutavuta mbele, inakaa kwenye kibanio cha plastiki juu ya usukani. Boksi limeandikwa lumeni 10,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, na betri yake imeandikwa mAh 9900, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Hapa nawaomba msikilize vizuri. Betri hiyo ya duara inaitwa 18650, maana yake upana milimita 18, urefu milimita 65. Kwa ukubwa huo, nzuri kabisa inabeba kama mAh 3500. Anayekuandikia 9900 anakudanganya mchana kweupe. Fundi simu wa mtaani kwetu alinifundisha kipimo kingine: ipime uzito. Nzima ina gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Tukaipeleka kwa jirani anayeuza viungo, kwenye mizani yake ndogo ya iliki, ikasoma 29. "Mzee, humu ndani kuna kibetri kidogo na hewa," fundi akasema. Ilikuwa inawaka dakika hamsini, halafu inakuwa kama kijinga cha sigara. Kutoka kwangu mpaka Feri hazitoshi.

Ubaya wake mwingine sikuujua mpaka nilipotukanwa. Mwanga wake ni wa duara, nusu unaenda barabarani, nusu unapanda machoni kwa anayekuja. Boda mmoja pale Mtoni darajani alipiga kelele, "Mzee, zima hiyo full, unatuua!" Na alikuwa na haki. Ukimpofusha mwenye pikipiki, atakayegongwa ni wewe. Nikakata kipande cha kidumu cha mafuta nikakifanya kofia juu ya kioo, nikainamisha tochi mpaka kiini cha mwanga kikaangukia kama mita tisa mbele yangu. Ikasaidia. Kwa mwendo wangu wa kilomita 20 kwa saa, natembea mita tano na nusu kila sekunde, kwa hiyo shimo naliona kabla halijanila, ingawa na mzigo breki nazo zina maneno yake.

Taa ya nyuma ndiyo ilinitia hasira zaidi. Hizi zote zimetengenezwa zifungwe kwenye bomba la siti. Sasa mimi nyuma ya siti nina kreti! Nilinunua kataa ka mpira ka 3,000, kenye betri mbili za kifungo kama za saa, nikakafunga chini ya kreti. Siku tisa tu. Maji ya samaki yana chumvi, yana barafu iliyoyeyuka, yana damu, na yanadondoka njia nzima. Nilipokafungua, vibati vya betri vilikuwa vimeota kijani. Muuzaji alikuwa ameniapia kuwa hakapitishi maji. Labda alimaanisha maji ya bomba.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma boksi badala ya kumsikiliza mwenye duka. Ukiona IPX4, ujue taa inavumilia kurushiwa maji kutoka kila upande. IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Hakuna namba inayotaja maji ya vibua, kwa hiyo mimi nataka kuona kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji kimekaza kiasi cha kukitoa kwa ukucha.

Ya sasa nilinunua seti, mbele na nyuma, 42,000 baada ya kuvutana kutoka 55,000. Mama watoto alinuna siku mbili. Ya mbele boksi linasema lumeni 400, na ninaamini, maana haijisifu. Kioo chake kina mistari inayokata mwanga juu, kama taa ya gari iliyowekwa dimu. Ujerumani sheria yao inadai taa za baiskeli ziwe hivyo. Barabara naiona kwa upana, na tangu niifunge hakuna boda aliyenitukana kwa sababu ya taa. Naiweka kati, siyo kali, inanipeleka safari mbili ndipo naichaji kwa chaja ya simu. Kasoro: kibanio chake kilikuwa kinalegea kwenye matuta mpaka nilipozungushia kipande cha tyubu.

Ya nyuma sikuifunga siti wala chini ya kreti. Mchomeleaji alinikatia kibati cha 2,000, kikatokeza mwishoni mwa keria, nyuma kabisa, na kreti nikaigeuza tundu la maji likaangalia pembeni. Huu ni mwezi wa saba tangu niifunge, na bado inawaka. Naiacha nyekundu tuli. Ile ya kumeta inaonekana mbali, sikatai, lakini mimi nikiwa nyuma ya mtu mwenye taa inayometameta nashindwa kujua yuko hatua ngapi, na dereva wa lori mwenye usingizi atajuaje?

Ukiwa na 10,000 tu mfukoni, usinunue tochi. Tafuta taa ndogo nyekundu ya nyuma, inayobaki nenda Gerezani kwenye maduka ya spea ununue utepe wa kuakisi mwanga, ule mwekundu na mweupe wanaobandika kwenye malori, mita moja. Mimi nimebandika nyuma ya kreti na kwenye madigadi. Hauna betri, hauchajiwi, na maji ya samaki unayaosha kwa sabuni ya kipande.

Ile ya Kigamboni sikuitupa. Inaning'inia msumarini chooni kwa siku umeme ukikatika, na kule dakika hamsini zinatosha kabisa.