Gololi za tungsteni kabaidi kwenye difu (kigawanya mwendo kati ya magurudumu mawili) ya bagi ya 1/10 (gari dogo la rimoti): zina thamani ya bei yake?

Ndiyo, ila usizibebeshe lawama za ringi zilizochakaa, yaani bamba za chuma ambazo gololi hubingirika juu yake. Gololi za chuma hupoteza umviringo mapema na difu huanza kukwaruza. Za kabaidi ni ngumu zaidi, hudumu. Ukiziweka juu ya ringi zenye mfereji, umetupa hela.

Kwa hiyo geuza ringi upande mpya, au zisugue kwa msasa namba 400 kisha 600 juu ya kioo, kwa mwendo wa namba nane, hadi ziwe na ukungu sawasawa. Ringi inayong'aa kama kioo huteleza. Osha kwa spiriti, usiguse kwa vidole.

Grisi ndipo wengi wanapoharibu. Gololi kubwa, hizi za difu yenyewe, zinataka grisi angavu ya silikoni, kidogo tu kila tundu la gia. Ile nyeusi ya molibdeni ni ya beringi ndogo ya skrubu peke yake. Ikipotea njia ikafika kwenye ringi, difu itateleza, itachemka, na gia ya plastiki italainika.

Kaza skrubu ya difu kidogo kidogo huku ukizungusha magurudumu, mpaka springi ibanwe kabisa, kisha legeza moja ya nane ya mzunguko. Shika gia kuu na tairi moja, jaribu kugeuza la pili: likienda kirahisi, bado haijakaza. Klachi ya kuteleza iliyo kwenye gia kuu lazima iteleze kabla ya difu. Baada ya kuendesha betri ya kwanza hadi iishe, pima tena, maana gololi hujitengenezea njia na mkazo hupungua.

Ila kwa lami yenye vumbi jingi, nunua za chuma ubadilishe mara kwa mara.